Maganda ya risasi uwanjani: yaokotwe lini, na ni ya nani?

Mlengaji wa Kisauni aliuliza:

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Uwanja wetu wa kulenga visahani vya udongo uko bara, nje ya Mombasa, na kwa kuwa wanachama walikuwa wachache wanaojuana, mambo yalikwenda kwa mazoea bila ya mtu kuandika chochote. Sasa tumepata wanachama wapya, wengi wao vijana wenye bunduki za marisau za nusu otomatiki, na tumewaalika wenzetu wa Nairobi kwa mashindano ya kirafiki. Kamati imenipa kazi ya kuandika adabu za uwanjani kwenye kibao kitakachotundikwa karibu na kituo cha kwanza, na imenisisitizia hasa suala la maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, kwa sababu ndilo linalozua maneno kila Jumamosi.

Wazee wetu wawili wanavutana. Mmoja anashikilia kwamba ganda likianguka liokotwe papo hapo, kwani uwanja ni wa kukodi na mwenye shamba anatutazama. Wa pili anasema kwamba mtu anayeinama huku wenzake wamesimama na bunduki zenye risasi anajitafutia balaa na kuwatafutia wengine, kwa hivyo ganda lingoje mpaka duru iishe. Juu ya hayo, wapo wanaodai kwamba ganda ni mali ya aliyenunua risasi, na wapo wanaodai kwamba likishagusa ardhi ni la klabu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, nami sitaki kuandika kibao kitakachoonekana kuegemea upande wa mtu.

Ningeomba wenye uzoefu wa viwanja vya hapa au vya nje wanieleze desturi ilivyo pamoja na sababu yake, maana vijana hawatii amri isiyo na sababu. Na je, bunduki inapotema ganda likampiga jirani, mwenye bunduki alaumiwe au jirani avumilie?

Msimamizi Mstaafu alijibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu.

Wazee wenu wote wawili wana haki, ila kila mmoja anausemea wakati wake. Wa kwanza anazungumzia uwanja baada ya duru, na wa pili anaizungumzia duru yenyewe. Kwenye kibao litangulie la wa pili, kwa sababu ndilo linalohusu uhai wa watu.

Chukua mchezo wa trapu, ambao nadhani ndio mnaoucheza zaidi. Vituo ni vitano, vimepangwa kwa mstari nyuma ya kibanda cha mashine ya kurushia visahani, na duru moja ni visahani 25 kwa kila mlengaji. Kwa mtindo wa Kimarekani watu watano husimama kila mmoja kituoni pake, wakapokezana kisahani kimoja kimoja, na kila mtu akishapiga vitano wote huhamia kituo kinachofuata; kwa mtindo wa Olimpiki kundi huwa na watu sita, na mtu husogea baada ya kila kisahani. Kwa vyovyote vile, kundi lililozoeana hupata mwendo wake, na mwendo huo ni nusu ya ushindi. Zamu ya mwenzako inapomalizika, anayefuata amekwisha kutuliza macho juu ya ukingo wa kibanda, akingoja kitu chenye kipenyo cha milimita 110 kichomoke kuelekea asikokujua. Jicho lililotulia namna hiyo huona kila kinachotikisika pembeni. Mtu akiinama kuokota ganda wakati huo, amemwibia mwenzake kisahani, hata kama hakukusudia.

Hilo ni upande wa adabu. Upande wa usalama, utazame mwili wenyewe unavyofanya. Mtu mwenye bunduki ya nusu otomatiki akinyoosha mkono wa kulia chini, bunduki hubaki kwenye mkono wa kushoto, imeshikwa kwa vidole tu, na kadiri bega linavyoshuka ndivyo mtutu unavyojigeuza kuelekea magoti ya aliye kando. Mwenyewe hauoni, kwa sababu macho yake yako kwenye ganda. Nimewasimamisha watu wazima wenye heshima zao kwa jambo hili, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa kwamba mtutu wake ulikuwa ukielekea mbele.

Kwa hivyo ganda lililoanguka halina mwenyewe mpaka duru iishe. Duru ikiisha, kila bunduki ifunguliwe, chemba, yaani pale risasi inapokaa, ionekane tupu, bunduki ziwekwe kwenye kilili chake, na msimamizi aseme kwa sauti kwamba sasa watu wanaweza kuokota. Yaliyorukia mbele ya mstari wa vituo yasifuatwe mpaka mashine izimwe na bendera ipandishwe. Mkono wa mashine inayorusha visahani una nguvu ya kuvunja mfupa, na ukishavutwa tayari hubaki umesubiri, haujali aliyesimama mbele yake ni nani.

Sasa kuhusu jirani. Wenye bunduki za mitutu miwili, zinazofunguka katikati, hawana udhuru wowote wa kutupa maganda chini: ganda hukaa ndani mpaka ufungue, na ukiweka kiganja nyuma ya mitutu huku ukifungua taratibu, yote mawili yatakuangukia mkononi, uyatie kwenye mfuko wa kiunoni. Bunduki ya nusu otomatiki ni jambo jingine, kwa sababu hulitema ganda upande wa kulia kwa nguvu. Wengine husema, basi mwenye bunduki hiyo asimame mwisho wa mstari ili kulia kwake kusiwe na mtu. Haisaidii kitu. Kwa kuwa watu huhama kwa mzunguko, aliye kulia kwako duru ikianza ndiye atakayekuwa kulia kwako karibu duru nzima, ila tu pale wewe unapofika kituo cha tano na yeye kurudi cha kwanza. Dawa ni kidakio, yaani kipande kidogo cha plastiki au chuma kinachobanwa kando ya tundu la kutolea maganda, kikalizuia ganda lisiruke. Asiye nacho hufunga mpira mpana pale pale, na huo pia hufanya kazi, ilimradi autoe anapomaliza na usizibe tundu zima. Katika trapu ya Kimarekani ya kisahani kimoja mtu huingiza risasi moja tu kila zamu, kwa hivyo kidakio hakimcheleweshi. Mwenye bunduki ndiye anayewajibika. Jirani anaombwa radhi mara moja, kwa sauti ya chini, baada ya zamu yake na si kabla.

Bi. wa Nyali alijibu:

Naunga mkono, na naongeza dogo. Katika skiti, ule mchezo mwingine wa visahani, mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa anayelenga ni mmoja na wengine wanangoja nyuma yake, lakini huko ndiko watu wanakojisahau, wakaanza kuokota miguuni mwa mtu ambaye bado hajafungua bunduki. Mlengaji aondoke kituoni kwanza. Isitoshe, usiyaokote maganda ya mwenzako bila ya kumwuliza, hata kama unadhani unamsaidia, wapo wanaoyahesabu.

Juu ya umiliki, desturi hutofautiana. Marekani klabu nyingi huhesabu kwamba ganda lililogusa ardhi ni la klabu, na lililobaki mkononi ni la mlengaji. Uingereza, kwenye viwanja vya kulenga vituo kwa vituo porini, hukuta pipa kwenye kila kituo, nawe unatia maganda yako humo ukaendelea na safari. Nyinyi chagueni moja na mliandike; mgeni hukasirishwa na sheria isiyoandikwa, iliyoandikwa huifuata hata kama haipendi.

Fundi wa Changamwe alijibu:

Waungwana, ugomvi huu wa umiliki ni wa kuazima. Wamarekani wanagombea maganda kwa sababu wengi wao huyajaza upya nyumbani: hutoa fataki iliyopigwa (kile kitufe cha kitakoni kinachowasha baruti), huweka mpya, hutia baruti, kikombe cha plastiki na marisau, kisha huukunja mdomo wa ganda kwa mashine. Ganda zuri hujazwa mara kadhaa kabla ya mdomo wake kupasuka, kwa hivyo kwao ganda ni pesa. Kwetu sisi cheti cha silaha hutaja hata idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo, na anayetaka kujaza risasi asianze kwa kuagiza mashine ya kujazia, aanze kwa kwenda kwenye ofisi inayotoa leseni akaulize kwa maandishi. Kwa mwanachama wa kawaida wa Mombasa, thamani ya ganda tupu ni ndogo kuliko muda tunaotumia kulijadili.

Linaloniuma mimi ni mchanganyiko. Watu hutia kila kitu kwenye mfuko mmoja. Ganda lililopigwa lina mambo mawili: mdomo wake umefunguka, na fataki katikati ya kitako ina kishimo cha pini. Risasi nzima mdomo wake umekunjwa kama nyota, na fataki yake ni laini chini ya kidole gumba. Lakini kuna ya tatu, nayo ndiyo mbaya: yenye kishimo kwenye fataki na mdomo uliokunjwa bado. Hiyo imegongwa na haikulipuka. Mkononi inaonekana kama kitu kilichokwisha, na mtu mwenye haraka huitupa pamoja na maganda. Risasi isipolipuka, mlengaji abaki ameelekeza mtutu mbele, asifungue, ainue mkono, angoje walau nusu dakika na msimamizi afike. Ikitolewa, iwekwe kwenye kopo lake peke yake, mbali na pipa la maganda. Na mlio ukisikika hafifu kuliko kawaida, asiingize risasi nyingine mpaka mtutu uchunguliwe kutoka upande wa chemba, kwani kile kikombe cha plastiki huenda kimekwama ndani.

Jingine ni rangi. Risasi za geji 20, ambazo ni nyembamba kuliko zile za geji 12, kwa desturi hutengenezwa na ganda la manjano, na kuna sababu. Risasi hiyo ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya geji 12 huteleza ikapita chemba na kukwama mtutuni. Mwenye bunduki akiona chemba tupu akaingiza ya geji 12 na kufyatua, mtutu hupasuka karibu kabisa na mkono wake wa kushoto. Kwa hivyo ukiona ganda la manjano chini ya mstari ambao watu wote wanatumia geji 12, usiliokote ukanyamaza. Uliza ni la nani, na mifuko ikaguliwe kabla ya duru nyingine.

Mimi huwashauri wateja wangu warudishe maganda kwenye boksi lile lile walilonunulia. Boksi lina risasi 25, na duru ina visahani 25. Ukimaliza duru na boksi limejaa maganda, unajua hukuacha kitu chini na hukubakisha risasi mfukoni.

Mkaazi wa Mikindani alijibu:

Samahanini kwa kuingilia, mimi si mlengaji, ila ndugu yangu ni mwanachama wa uwanja kama huo. Nawaomba muandike pia kuhusu watoto na kuhusu mikono.

Marisau mengi ni madini ya risasi yaliyochanganywa na antimoni kidogo ili yawe magumu, na fataki nyingi nazo zina misombo ya madini hayo hayo. Masizi yanayobaki kwenye ganda huhamia vidoleni. Huku kwetu hatuhitaji kusimuliwa madhara yake: watu wa Owino Uhuru waliugua kutokana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Silinganishi uwanja wa michezo na kiwanda. Nasema tu kwamba mtu aliyeshika maganda asubuhi nzima anawe kwa sabuni na maji kabla ya kugusa mahamri na mbaazi, na asimpe mtoto ganda la kuchezea kwa kuwa lina rangi nzuri. Nimeona watoto wakilipuliza kama filimbi.

Msiyachome vilevile. Kwenye shamba kila takataka hutiwa moto, lakini ganda ni plastiki yenye kitako cha chuma, moshi wake ni mbaya, na kama kuna moja ya zile alizotaja Fundi, itapasukia motoni mbele ya anayechochea. Na mbuzi wa mwenye shamba wasifunguliwe kabla ya vile vikombe vya plastiki vilivyotawanyika mbele kukusanywa, pamoja na vigae vikubwa vya visahani, ambavyo vingi hutengenezwa kwa chokaa na lami.

Mlengaji wa Kisauni aliandika tena:

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Suala la watoto ni la kweli kabisa. Wale wa kijijini hungoja nyuma ya ua mpaka tuondoke, na hadi leo tulidhani ni jambo la kuchekesha.

Nimeandika rasimu, naomba mnirekebishe: "Usiokote ganda wakati duru inaendelea. Bunduki ibaki wazi mpaka zamu yako, na ibaki wazi unapohama kituo. Mwenye bunduki inayotema maganda aweke kidakio. Risasi ikikataa, elekeza mtutu mbele, inua mkono, ngoja msimamizi. Msimamizi akisema, kila mtu aokote maganda yake. Yaliyobaki ni ya klabu. Nawa mikono."

Nimebakiwa na maswali mawili. Wageni wa Nairobi watarudi kwa treni. Mmoja ameuliza kama anaweza kuchukua maganda kama kumbukumbu. Tena, ni chombo gani kinafaa kukusanyia? Tulikuwa tukitumia mifuko ya plastiki zamani, lakini hiyo ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Bi. wa Nyali alijibu:

Kuhusu treni, mshauri mgeni wako asichukue hata moja. Pale stesheni ya Miritini mizigo hupangwa kwa mstari ikanuswa na mbwa kabla ya abiria kuingia, kisha hupitishwa kwenye mashine, na ganda lililopigwa jana linanuka baruti vilevile kama la leo. Atakosa treni akieleza. Bunduki na risasi zake zina taratibu zao na hati zake. Ganda lililosahaulika kwenye mfuko wa koti halina hati. Hata wenye kupanda ndege wakague mifuko ya fulana zao za kulengea kabla ya kuzikunja.

Rasimu ni nzuri. Ningependa tu sentensi ya risasi iliyokataa iwe ya kwanza, kwa herufi kubwa, kwa sababu anayeihitaji hatakuwa na nafasi ya kusoma hadi chini.

Msimamizi Mstaafu alijibu:

Nakubaliana na Bi. wa Nyali juu ya mpangilio. Neno "ngoja msimamizi" liwe na maana, basi: siku za mazoezi mteueni mtu mmoja asiyelenga, hata kama ni kwa zamu, maana msimamizi mwenye bunduki yake mkononi anatazama kisahani, hatazami watu. Huyo huyo ndiye awaambie wale watoto waje mchana, wakati mashine imezimwa, na wasiokote chochote wao wenyewe. Mkitaka kuwapa kibarua, wapeni cha kufagia njia ya kuingilia.

Chombo, gunia la katani linatosha, na kwa vituo vya skiti pakacha moja kila kituo linafaa kuliko ndoo, kwa sababu mvua ikinyesha halitunzi maji. Maganda yasilale nje. Vitako vya bei nafuu ni chuma kilichopakwa shaba juu juu, na kwa hewa yetu ya chumvi usiku mmoja wa umande unatosha kuvitia kutu, vikageuka kuwa vumbi jekundu linaloganda kwenye kila kitu.

Chuma hicho hicho kitawarahisishia kazi. Sumaku kubwa ikifungwa kwenye mpini wa fagio na kupitishwa juu ya nyasi itanasa maganda mengi kuliko mikono ya watu wanne, na yatakayobaki chini ni yale machache yenye kitako cha shaba halisi, ambayo mtayaona kwa kuwa yanang'aa. Mkikosa sumaku dukani, mwulizeni fundi wa redio awauzie spika kuukuu. Ya nyuma ya spika ya inchi kumi na mbili inatosha kabisa.